Tupeane uzoefu: ni mahali gani katika "Peponi" palipokufanya ukifunge kitabu?

Mleta mada: Ndugu zangu, juzi nimemaliza kusoma "Peponi", riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitia katika Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022. Misafara ya bara na vishindo vya Wajerumani nilivitegemea. Kilichonishika ni jambo dogo la mwanzoni kabisa: Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa garimoshi pamoja na tajiri Aziz, wala haimjii hata mara moja kuuliza atarudi lini. Hapo nilikifunga kitabu nikakaa barazani hadi adhana ya magharibi, kwa sababu nami nilipopelekwa Tanga kwa ndugu wa baba sikuuliza. Naomba kila aliyekisoma aseme ni wapi palipomgusa.

Mwanapwani: Mimi ni pale Khalil, yule kijana wa dukani kwa Aziz, anapomfumbua Yusuf macho kwamba yule tajiri si ndugu yake hata kidogo. Nilirudia mara tatu.

Binti wa Iramba: Sikukusudia kuandika, ila mleta mada amenigusa penye kidonda. Nilikuwa na miaka tisa. Mwanamke niliyefundishwa kumwita shangazi, ambaye kila alipokuja kwetu alinipa peremende na sarafu kama Aziz anavyompa Yusuf, alikuja safari moja akaondoka nami kwenda Dar es Salaam, nikaambiwa kwamba ninakwenda kusoma. Nilitia daftari zangu nne katika mfuko wa rambo, zile zenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na mama akanifungia viazi vitamu vya kuchemsha katika kanga yake mwenyewe. Sikujiuliza kwa nini anipe kanga wakati alikuwa nazo mbili tu.

Nilipofika nilifungwa mtoto mchanga mgongoni, nikaonyeshwa ndoo na jiko la mkaa. Shule zilifunguliwa Januari, zikafunguliwa Januari nyingine, nami kila jioni nikisugua masufuria nililisema jedwali la saba kwa sauti ili wenzangu wasije wakanipita. Mwaka wa tatu nilijikaza nikamuuliza shangazi nitaandikishwa lini. Hakunigombeza. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na bila kuinua macho alinijibu: "Mwanangu, baba yako ameshaila hela yako." Kisha akaniomba nimsogezee taa, nami nikamsogezea. Ilipita miaka mingi kabla sijajua kwamba kaka yangu alipougua baba alikopa kwa mama yule, na kwamba hatukuwa na undugu naye wowote.

Kwa hiyo nilipofika mahali ambapo Yusuf anaelezwa kuwa yeye ndiye malipo ya deni la baba yake, sikulia. Niliinuka nikaitafuta ile kanga.

Mkazi wa Ngamiani: Pole sana dada. Nimekusoma nikiwa ndani ya daladala, nikapitiliza kituo changu.

Mwalimu mstaafu: Nami nampa pole kwa moyo wote. Hata hivyo nawaombeni tusimpime Aziz kwa kipimo cha leo. Kumweka mtoto rehani kulikuwa njia iliyojulikana ya kulipa deni, na mtu huyu hampigi Yusuf wala hamtukani, bali anamlisha, anamvisha na kumfunza biashara.

Mwanapwani: Mwalimu wangu, kwa heshima zote, upole wake huo ndio unaonitisha. Mtoto anayepigwa hujua kwamba anaonewa, lakini anayenusishwa manukato na kuitwa kwa sauti laini atamlaumu nani? Mkumbuke Mzee Hamdani, yule mtunza bustani: alipopewa uhuru aliukataa, kwa sababu hakuona nani mwenye haki ya kumpa mwenzake uhuru kama zawadi. Naye anaishi zama hizo hizo za Aziz. Kwa nini kipimo chake kisitutoshe?

Mwalimu mstaafu: Sikusema ni haki, nilisema ni desturi. Hilo la Mzee Hamdani nalikubali.

Mpenda vitabu, Mombasa: Chuoni niliisoma kwa Kiingereza, nikaifanyia mtihani, nikaisahau. Mwaka jana nimeisoma kwa Kiswahili, na pale dukani, Khalil anapotaniana na wateja, nilisikia kabisa sauti za mtaani kwetu.

Msomaji wa Kigoma: Mwandishi aliiandika kwa Kiingereza, kwa hiyo anayeweza na aanze huko.

Mpenda vitabu, Mombasa: Bibi yangu hajui Kiingereza, naye ndiye niliyemsomea, usiku baada ya usiku, hadi pale Yusuf anapokimbia kuifuata safu ya Wajerumani. Aliniamuru nirudie ukurasa ule kwa kuwa hakuamini kwamba hadithi imekwisha.

Mkazi wa Ngamiani: Tumrudie dada yetu wa Iramba. Kama mzee yu hai, nenda ukamuulize kabla hajaondoka.

Mwanapwani: Usimuulize. Mzee wa umri huo utamvunja moyo, na majibu hayatakurudishia darasa.

Mleta mada: Mimi ningempelekea kitabu nisiseme neno.

Binti wa Iramba: Nawashukuru nyote. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa nyumbani. Baba haoni vizuri siku hizi, hivyo nilimsomea mwenyewe, chini ya mwembe, kuanzia mwanzo hadi garimoshi linapoondoka. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilipotua aliniuliza deni la baba yake Yusuf lilikuwa shilingi ngapi. Nilimjibu kwamba sikumbuki. Alikaa kimya mpaka mbuzi wakaanza kurudi, ndipo akanitajia la kwake kwa mara ya kwanza: elfu sitini. Akaniambia nigeuze ukurasa niendelee.