MJADALA: Mchezaji akiumia, ulipe pointi 4 umtoe au uliachie benchi kazi?

Kiungo Mkabaji (ameanzisha mada)

Wakuu, naweka hoja yangu wazi ili anayeipinga ajue pa kushika. Kwenye Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu England kwa bajeti ya milioni 100 na kupata pointi kwa wanavyocheza, kila uhamisho unaozidi ule wa bure unakatwa pointi 4. Kulipa pointi hizo kwa sababu ya mchezaji mmoja aliyeumia ni hasara, maadamu benchi lako lina watu wanaocheza, maana asiyecheza kabisa nafasi yake inachukuliwa na wa benchi.

Hesabu ni hii. Straika wako kaumia na uhamisho wa bure wa wiki umeshautumia. Ukilipa, unamleta mtu unayetarajia akupe, tuseme, pointi 5. Toa 4, unabaki na 1. Usipolipa, anaingia beki wa bei ya milioni 4.5 anayecheza dakika zote. Pointi 2 za kufikisha dakika 60 ni kama ziko mfukoni, na klinishiti (timu yake isipofungwa) ikipatikana zinaongezeka 4. Tayari umemzidi yule wa kulipia.

Wengi wanapotea hapa: "huyu mpya atanirudishia ndani ya wiki tano." Hapana. Wiki ijayo unapewa uhamisho mwingine wa bure, ungemchukua huyohuyo bila kulipa. Wiki nne kati ya hizo tano ungezipata bure. Pointi 4 zimekununulia wiki moja tu.

Kwa hiyo fedha iende benchi. Benchi lililokufa, yaani kipa wa 4.0, mabeki wawili wa 4.0 wasiocheza na kiungo wa 4.5, ni milioni 16.5. Ukiweka mabeki wa 4.5 na kiungo wa 5.0 wanaoanza kwenye klabu zao, linafika 18.0. Ni milioni 1.5 kati ya 100 za bajeti, na sioni bima nyingine nafuu kama hiyo kwenye mchezo huu.

Mzee wa Karata

Mkuu, hesabu yako ni safi kwa pengo moja, yaani mchezaji mmoja asiyecheza. Lakini Desemba haileti pengo moja.

Chukua timu yenye mapengo matatu na uhamisho mmoja wa bure. Wiki ya kwanza unaziba la kwanza, mawili yanabaki wazi. Wiki ya pili unaziba la pili, moja liko wazi. Wiki ya tatu ndiyo unamaliza. Jumla umecheza na pengo mara tatu. Sasa lipa pointi 4 mara moja tu, wiki ya kwanza: linabaki moja, na wiki ya pili umemaliza. Umecheza na pengo mara moja badala ya tatu. Hizo pointi 4 hazikununua wiki moja, zimenunua mbili, kwa sababu zimeisogeza foleni nzima mbele. Na akiumia mwingine katikati, hakuti foleni.

Nakubali kwamba malipo ya pili, yaani kufikisha 8, yananunua wiki moja tu iliyobaki. Hapo hoja yako inarudi kuwa na nguvu. Kwa hiyo mimi nauliza kwanza: foleni ina watu wangapi? Mmoja, subiri. Watatu, lipa mara moja.

Na hiyo milioni 1.5 usiiite nafuu haraka. Ni tofauti ya winga wa 7.0 na wa 8.5, kila wiki, raundi 38. Tangu msimu wa 2024/25 unaruhusiwa kulimbikiza uhamisho wa bure hadi 5, zamani ilikuwa 2. Bima yangu mimi ni hiyo: kuingia kila raundi nikiwa na angalau 2. Haigharimu hata senti ya bajeti, na hata ukicheza Wildcard au Free Hit, karata maalumu za kubadili kikosi kizima bila kulipa, akiba haipotei.

Dada wa Dakika 60

Kaka zangu, nyote wawili mnahesabu kana kwamba asiyeanza atampisha wa benchi. Kwa majeruhi, sawa. Kwa mchezaji anayezungushwa, yaani leo anaanza kesho anapumzishwa, sivyo, na huko ndiko pointi zinakovuja zaidi kuliko kwenye majeraha.

Wa benchi anaingia kwa sharti moja: mchezaji wako awe na dakika 0. Akiingizwa dakika ya 88 kulinda ushindi, umepata pointi 1, na beki wako mwenye klinishiti kabaki benchi na pointi zake 6. Kwa kapteni, ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili, inauma zaidi. Pointi 1 mara mbili ni 2, na naibu kapteni, anayechukua nafasi hiyo kapteni asipocheza kabisa, harithi chochote hata kama kafunga mabao matatu.

Tangu 2022/23 kocha ana nafasi 5 za kubadilisha wachezaji kwenye mechi, na winga na mabeki wa pembeni ndio wa kwanza kupumzishwa. Mtazame beki anayetolewa dakika ya 59, timu yake haijafungwa: anaondoka na pointi 1. Angetolewa dakika ya 61 angekuwa na 2 za dakika na 4 za klinishiti, jumla 6, na hata timu ikifungwa mara mbili baada ya yeye kutoka, zile 4 ni zake. Dakika mbili, tofauti ya pointi 5.

Kwa hiyo kabla ya kununua mtu wa klabu inayocheza Ulaya, fungua ratiba yake. Mechi ya ugenini Jumatano usiku kisha ligi Jumamosi ni mtego. Angalia nani alitolewa mapema Jumatano. Huyo mara nyingi anatunzwa kwa ajili ya wikendi. Wa kuogopa ni aliyemaliza dakika 90 na nyuma yake kuna mwingine wa nafasi ileile asiye na jeraha. Manchester City ya Guardiola imewafundisha watu hili kwa miaka mingi, hasa kwa winga na viungo wa mbele. Kipa na beki wa kati wanazungushwa kidogo zaidi. Mimi fedha kubwa naiweka kwa wenye uhakika wa dakika, hata kama kipaji chao ni cha kawaida.

Kipa Namba Mbili

Mmesahau kadi, na watu wanauza wachezaji wazuri kwa sababu hawajui kanuni.

Njano 5 ndani ya mechi 19 za kwanza za klabu: kukosa mechi 1. Njano 10 ndani ya mechi 32: mechi 2. Njano 15: mechi 3. Njano za ligi zinahesabiwa kwenye ligi tu. Maana yake mwenye njano 4 kwenye mechi ya 17 yuko hatarini kwa mechi tatu hivi, lakini akivuka ya 19 bila kadi, hatari yake inayofuata ni njano ya 10. Kumuuza kwa woga wakati kabakiza mechi moja ni kutupa uhamisho.

Nyekundu ni jambo jingine. Ya njano mbili ni mechi 1. Ya kumzuia mtu aliyekuwa anakwenda kufunga, kwa kawaida ni mechi 1. Ya rafu mbaya au kupiga mtu ni mechi 3. Ila adhabu ya nyekundu inatumikiwa pia kwenye vikombe vya ndani vya England, FA Cup na Carabao Cup. Mtu akipewa mechi 3 mwanzoni mwa Januari na klabu yake ina mechi ya FA Cup katikati, kwenye ligi anakosa 2. Hesabu mechi zote za ndani za klabu, usihesabu raundi.

Kwa majeraha, nawapinga nyote kwenye kitu kimoja: urefu wa jeraha ndio unaoamua, na mnaupita haraka mno. Bukayo Saka aliumia msuli wa nyuma ya paja dhidi ya Crystal Palace Desemba 21, 2024, akafanyiwa upasuaji, akarudi Aprili 1, 2025 dhidi ya Fulham. Haaland alicheza na Aston Villa Desemba 6, 2023, kisha akaonekana tena Januari 31, 2024 dhidi ya Burnley, akitokea benchi. Alikuwa ameanza msimu kwa milioni 14.0. Fedha kama hiyo ikikaa karibu miezi miwili bila kucheza, hakuna beki wa 4.5 anayeifidia. Huyo unamtoa hata kwa kulipa, kwa sababu hutoi mtu mmoja tu: unafungua fedha ya kuboresha nafasi mbili.

Kiungo Mkabaji

Mzee, hoja ya foleni naipokea. Mapengo matatu, malipo moja, sina ubishi. Na Kipa, kwa wa milioni 14.0 nakuelewa, niliandika kama vile wote wana bei moja.

Lakini ukiangalia foleni nyingi zinatoka wapi, ni kwa watu kufanya uhamisho Jumapili usiku wakikimbilia bei. Bei ya mchezaji inapanda 0.1, nao wanakimbia. Jumatano anaumia Ulaya. Sasa wana pengo na hawana uhamisho. Dedilaini, yaani mwisho wa kubadili kikosi, ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na makocha wengi huzungumza na waandishi Alhamisi na Ijumaa. Subirini huko.

Na hiyo 0.1 haiingii yote mfukoni. Unapouza unapata nusu ya faida, na nusu hiyo inapunguzwa hadi 0.1 ya chini. Umenunua kwa 7.0, sasa ni 7.3, unauza kwa 7.1. Ukimtaka tena utalipa 7.3. Umepoteza 0.2 kwa kutoka na kurudi, ndiyo maana mwenye jeraha la wiki mbili na faida ya namna hiyo mimi namwacha palepale.

Mzee wa Karata

Kusubiri ni kuzuri, ila si kila raundi inakupa nafasi. Raundi ya katikati ya wiki haina Ijumaa ya makocha. Raundi ikianza Ijumaa usiku, klabu inayocheza Jumatatu huenda haijasema kitu dedilaini inapopita. Hapo akiba ya uhamisho 2 ina thamani kuliko subira.

Nakiri pia kwamba akiba ina hatari yake. Msimu wa 2025/26, kwa sababu ya AFCON iliyoanza Morocco Desemba 21, kila meneja alijaziwa uhamisho hadi 5 kuelekea raundi ya 16. Aliyekuwa na 4 alipata 1. Aliyekuwa na 1 alipata 4. Tangazo la aina hiyo likitoka mapema, tumieni akiba yote kabla haijafika tarehe.

Mgeni Uwanjani

Naomba kuuliza kwa mfano halisi. Timu inaanza 3-4-3. Beki mmoja wa kati ana bendera ya njano ya 50% (alama ya mchezo kwamba uwezekano wake wa kucheza ni nusu kwa nusu), na kuna winga mmoja ambaye klabu yake ilicheza Ulaya Jumatano, yeye dakika 90. Benchi kuna kiungo wa 5.0 na mabeki wawili wa 4.5, wote wanacheza. Hakuna uhamisho wa bure. Nilipe? Na nani awe wa kwanza benchi?

Dada wa Dakika 60

Usilipe, mdogo wangu. Hapo huhitaji hata uhamisho, unahitaji mpangilio.

Huyo beki wa 50% mwanzishe. Beki wa kati akikosa kuanza kwa sababu ya jeraha, ni nadra kuingizwa dakika za mwisho, kwa hiyo ama atacheza ama atakuwa na 0 na nafasi yake itazibwa. Kwa kuwa lazima uwanjani wabaki mabeki 3, mfumo utamruka kiungo hata akiwa wa kwanza na kumchukua beki wa kwanza aliyepo benchi. Kwa pengo hilo, cha kuamua ni mpangilio wa mabeki wako wawili tu: mwenye mpinzani dhaifu atangulie.

Winga ni kinyume chake. Asipoanza ataingia dakika ya 70, na pointi 1 yake itamfungia mlango mtu wa benchi. Mtoe wewe mwenyewe, weka kiungo wa 5.0 kwenye kikosi cha kwanza, winga awe wa mwisho benchi nyuma ya mabeki wawili. Ila orodha ya kikosi chake ikivuja kabla ya dedilaini na jina lake limo, mrudishe.

Na unaibu kapteni usimpe yeye wala yule beki wa 50%. Mpe mwenye uhakika wa kuanza.