Naomba ushauri: tamthilia yangu ya kwanza inasomeka vizuri, lakini haichezeki

Mwalimu_wa_Kenya, Lubumbashi

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika tamthilia, na sasa nataka kuipandisha jukwaani kwa mara ya kwanza. Haijawahi kuchezwa popote, na mimi mwenyewe sijawahi kuongoza mchezo, kwa hiyo nawaomba wenye uzoefu wanisaidie kabla sijawapotezea watu muda wao.

Mchezo unamhusu mjane wa mzee aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 waliochukua malipo ya kuondoka kazini kwa hiari katika mpango ulioanza mwaka 2003. Mzee amefariki, kilio kimekwisha, na ndugu zake wanataka kuiuza nyumba. Hati za nyumba zimo katika sanduku la bati chini ya kitanda, na mambo yote yanalizunguka sanduku hilo: nani ana ufunguo, nani amewahi kuona kilichomo, na kwa nini marehemu hakumwambia mtu.

Matini ina kurasa 62 na waigizaji ni 8, wengi wao wanafunzi wangu wa zamani, ila wawili bado wako darasa la mwisho. Tumepewa ukumbi wa parokia moja huko Katuba, komini nyingine ya mji wetu, kwa Jumamosi ya pili ya Julai, yaani tumebakiwa na wiki kumi. Jumamosi iliyopita tulikaa mezani tukaisoma yote kwa sauti, na tulitumia saa mbili na dakika arobaini, wakati mimi nilidhani ingetosha saa moja na nusu. Kilichoniumiza zaidi ni kingine. Mama anayecheza nafasi ya mjane ni muuza samaki, na akisimulia habari sokoni watu husahau kilichowaleta. Lakini aliposoma maneno niliyomwandikia, alisikika kama mtoto anayesoma ubaoni. Hapa ndipo alipokwama:

«Shemeji, sanduku hili limehifadhi hati za nyumba ambayo marehemu mume wangu aliipata kwa jasho lake mwenyewe, nami sitakubali hata siku moja kwamba mikono isiyojenga ndiyo ibomoe.»

Maneno hayo yanaendelea kwa mistari kumi na minne. Niliyaandika kwa Kiswahili bora kwa makusudi, kwa kuwa ningependa tamthilia isomwe pia Bukavu, Goma na hata Dar es Salaam. Je, nikate wapi? Nibadilishe lugha? Na umeme ukikatika katikati ya onyesho, kama tunavyoujua umeme wetu, nifanye nini?

Yaya_wa_Jukwaa

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Nimeigiza kwa zaidi ya miaka ishirini katika makundi ya komini zetu, na sijawahi kuona mchezo mpya ambao usomaji wake wa kwanza haukumvunja moyo mwandishi. Usomaji ule wa mezani ndiyo siku ya kwanza ambapo maneno yako yamepita katika koo la mtu mwingine, na koo la mtu mwingine halikudai wala halikuogopi, kwa hiyo linasema kweli.

Nakuomba usikate chochote ukiwa umeketi nyumbani peke yako. Mwandishi akikata akiwa mezani huondoa sentensi anazoziona mbaya na kuacha zile anazozipenda, na mara nyingi zile anazozipenda ndizo zinazoufanya mchezo uwe mzito. Wasimamishe waigizaji, hata kama bado wameshika karatasi, mwekee mama yule sanduku la kweli, si la kuwaziwa, kisha mtazame. Jiulize katika kila mstari: je, jambo hili ukumbi umekwisha kuliona kwa macho? Kama umeliona, mdomo unyamaze. Mjane wako ana mistari kumi na minne ya kueleza kwamba sanduku haliondoki. Mwambie alikalie. Mama wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa kitenge cha msiba, akilikalia sanduku la bati mbele ya shemeji zake, hakuna mtu Katuba nzima atakayehitaji kuelezwa.

Jambo la pili ni kupata mtu wa kukaa na matini mkononi katika kila zoezi, akiwa na penseli, na kazi yake iwe moja tu: kutia alama mahali mwigizaji anapojikwaa. Wewe usiifanye kazi hiyo, kwa sababu unayajua maneno yako na masikio yako yatayajaza mapengo bila wewe kutambua. Mwigizaji akijikwaa mara moja, kosa ni lake. Akijikwaa palepale siku tatu mfululizo, kosa ni la sentensi, na hapo ndipo uandike upya. Kwa njia hii sisi tuliwahi kupunguza mchezo mmoja kwa karibu theluthi, na mwandishi, ambaye mwanzoni alikuwa akilia kila tulipofuta mstari, mwishowe ndiye aliyekuwa akitushawishi tufute zaidi.

Kuhusu wiki zako kumi: zinatosha, lakini hazina ziada. Mkikutana mara mbili kwa wiki mtapata mazoezi ishirini, na wale vijana wawili wa darasa la mwisho utawakosa wakati wa mtihani wa Serikali. Pangeni sehemu zao mwanzoni. Kuanzia wiki ya sita mtu yeyote asishike karatasi, na kuanzia hapo usibadilishe tena maneno isipokuwa yale yanayokwamisha kabisa. Mwandishi anayeleta ukurasa mpya siku tatu kabla ya onyesho huwaondolea waigizaji ardhi chini ya miguu.

Msikilizaji_wa_Redio

Nakubaliana na Yaya kuhusu sanduku, ila kuhusu lugha ningependa kwenda mbali zaidi, kwa sababu nadhani huko ndiko ugonjwa uliko.

Sisi wa Lubumbashi tuna mfano wetu, na inanisikitisha kwamba vijana wengi wanaukumbuka kama jambo la kuchekesha tu. Kundi la Mufwankolo, la marehemu Odilon Kyembe Kaswili, liliigiza kwa miongo mingi redioni na katika televisheni kwa Kiswahili kile kile tunachokisema kwetu. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alilifuata kundi hilo hatua kwa hatua lilipokuwa likiunda mchezo mpya uliotokana na msemo wa Kifaransa usemao kwamba madaraka huliwa mazima, hadi ulipochezwa katika kijiji cha Kawama, nje kidogo ya mji. Hapakuwa na matini ya mazungumzo. Waigizaji walijadiliana kwanza maana ya msemo wenyewe, wakakubaliana ni onyesho lipi linafuata lipi na nani anataka nini katika kila onyesho, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake katika mazoezi, akiyarudia na kuyanoa. Watu wanaoita jambo hili kubahatisha hawajalijaribu. Ili useme bila karatasi lazima ujue vizuri sana unachokitaka kwa mtu aliye mbele yako.

Kwa hiyo ningekushauri hivi, Mwalimu. Chagua zoezi moja, wanyang'anye karatasi zote, na umwambie mama huyo neno moja tu: «Shemeji anataka ufunguo, na wewe hutaki kumpa.» Kisha rekodi kwa simu. Atasema «shina na falanga» (sina pesa), atasema «shijue» (sijui), atasema «batoto beko wapi», na utasikia kwamba yule msimulizi wa sokoni amerudi. Andika ulichokisikia. Mchezo wako utabaki na umbo ulilolitengeneza kwa miaka miwili, lakini utakuwa na pumzi ya watu wake.

Hii haina maana kwamba Kiswahili bora kitupwe. Kama una padri au mwanasheria katika mchezo, mwachie hicho, kwani ndivyo watu hao wanavyosema wanapotaka kusikilizwa. Shemeji mkubwa naye anaweza kuanza kwa Kiswahili bora pale anaposoma barua, na akikasirika kikamponyoka. Hapo lugha yenyewe inaigiza.

Neno moja la tahadhari. Waigizaji wakikupa maneno yao, kubalianeni mapema, tena kwa maandishi, ni nani mwandishi wa matini na wao wanatajwa vipi. Sheria yetu ya haki za mwandishi ni ya tarehe 5 Aprili 1986 na tamthilia ni miongoni mwa kazi inazozilinda, lakini sheria haitawapatanisha marafiki waliogombana baada ya onyesho la tatu. Jina la yule mama liandikwe kwenye karatasi ya utambulisho pamoja na lako.

Binti_wa_Kadutu, Bukavu

Samahani kuingilia mambo ya Katanga, Mwalimu, lakini umetutaja. Mimi niko Bukavu na nimefundisha tamthilia kwa vijana. Kiswahili chenu tunakisikia, ila si kila neno, na msomaji wa Dar es Salaam atapotea kabisa katika baadhi ya kurasa. Usiyachanganye mahitaji mawili. Matini ya jukwaani iwe ya watu watakaokaa ukumbini Katuba siku hiyo. Matini ya kusomwa unaweza kuiandaa baadaye, ukiwa umekwisha kuiona imechezwa, na hiyo ndiyo uiandike kwa Kiswahili cha wote. Kundi la Goma likitaka kuucheza mchezo wako, litaugeuza liweke Kiswahili cha Goma, na hilo utaliona kuwa heshima.

Fundi_wa_Taa

Mimi nijibu la umeme tu. Msikodi zile taa za halojeni za mafundi ujenzi ambazo watu hupenda kwa kuwa zinang'aa. Moja inakula wati 500, sita ni wati 3,000, na jenereta ndogo ya kukodi itazidiwa mkiwa katikati ya mchezo. Tafuteni taa nane za LED za wati 50 kila moja. Jumla ni wati 400, na hata betri nzuri yenye kigeuza umeme itazibeba hadi mwisho. Jenereta ikibidi, iwekwe nyuma ya ukuta na mbali na dirisha, kwa sababu kelele yake huua sauti ya mwigizaji kuliko giza. Taa zielekezwe kutoka mbele, nusu kushoto na nusu kulia, juu kidogo ya vichwa. Mkiziweka juu kabisa, macho ya waigizaji yatageuka mashimo, na macho ya mjane ndiyo mchezo wenyewe.

Lakini kama ningekuwa wewe, ningeanza saa nane na nusu alasiri na kutumia madirisha. Mwezi wa Julai jua letu huzama karibu saa kumi na mbili, na jioni kuna baridi ambayo huwafanya wazee na mama wenye watoto waondoke kabla ya mwisho. Uzuri ni kwamba mvua haipo. Mkiahirisha hadi Novemba, mkumbuke kwamba chini ya paa la bati mvua ikianza hakuna atakayesikia neno.

Mwalimu_wa_Kenya, Lubumbashi

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza tujaribu, na sasa tumefanya mazoezi matatu.

Jana niliwanyang'anya karatasi kama nilivyoshauriwa. Sanduku lilikuwa la kweli. Tuliliazima kwa jirani, bado lina jina la mtu lililopakwa rangi nyeupe kifunikoni na kufuli lenye kutu. Kijana anayecheza shemeji aliingia, akauliza ufunguo uko wapi. Mama hakusema kitu. Alishika kitenge chake, akalikalia sanduku polepole, na bati likalia chini yake. Kijana akauliza tena, kwa sauti ya juu. Mama akamwangalia, akasema: «Shijue.» Basi. Kijana alibaki amesimama na mkono wake umenyooshwa, hajui aupeleke wapi, na mimi nilikuwa nimeshika ile mistari yangu kumi na minne nikitambua kwamba sitaihitaji tena.

Nimeiandika hivyo hivyo. Katika matini ya kusomwa, Binti wa Kadutu, nitaweka «sijui», lakini Katuba itabaki «shijue». Jina la mama litakuwa kwenye karatasi, na amekubali mbele ya wote. Tumeshuka hadi saa moja na dakika hamsini na tano, ila onyesho la tatu, la kikao cha ukoo, bado ni refu na kila mtu anahutubia. Yaya, kama una nafasi Jumamosi ijayo saa tisa alasiri, tafadhali uje na penseli yako. Fundi, nami naomba uje uone madirisha. Upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa unaofunika mawili kati ya manne, na sijui kama mwanga utatosha katika nusu ya pili.

Fundi_wa_Taa

Nitakuja. Mwambie mama alete kitenge atakachokivaa siku hiyo, nione rangi yake kwenye mwanga.