Nafundisha ngoma shule ya msingi Tukuyu, nimeambiwa nilete kibali cha mgeni. Nani amepitia hili?

Binti Tukuyu (Birmingham)
Mugonile, ndugu zangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Nawaandikia nikiwa nyumbani Tukuyu, mvua haijakatika tangu juzi. Kazi yangu mnaijua: mwaka wa tisa sasa naingia kwenye shule za serikali kule Birmingham, Uingereza, zile za mitaa yenye hali ngumu, napiga ngoma na watoto nikishirikiana na mwalimu wao wa darasa. Likizo hii nikaomba wiki tatu katika shule niliyosoma mwenyewe. Mwalimu mkuu alinipokea kwa mikono miwili, Afisa Elimu Kata akabariki.

Siku ya kwanza tulifanya KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3 na 4 kwa ngoma, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili. Nusu ya darasa wanapiga kila pigo la tatu, nusu kila pigo la nne, wote tunahesabu kwa sauti. Walipogonga pamoja kwenye 12, darasa lilipiga kelele, na mtoto mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Mwalimu, tutakutana tena 24!"

Siku ya nne nikaitwa ofisini. Pasipoti yangu ni ya Uingereza, kwa hiyo mimi ni mgeni. Nilete kibali cha ukaazi na barua kutoka juu. Juu wapi, hawakusema. Swali langu ni moja: Daraja C, kile kibali cha ukaazi cha wanaojitolea na wengine wasio wawekezaji wala waajiriwa, kwa mtu wa wiki tatu inaombwa wapi, na huchukua siku ngapi? Niliingia kwa viza ya matembezi.

Mafinga (Reading)
Pole sana dada. Hapo unatakiwa uwe na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mke wangu alipokwenda Mufindi kuwahoji wachuma chai kwa ajili ya shahada yake, bila ile karatasi hakuna aliyemfungulia mlango. Pitia na BASATA pia, Baraza la Sanaa la Taifa, maana wewe ni msanii.

Mama Mwakaleli (Leicester)
Mafinga, soma kwanza alichoandika mwenzako. COSTECH ni ya watafiti. Yeye hamhoji mtu, anafundisha. Tukijibu kwa kubahatisha tunamzungusha ofisi kwa ofisi kwa nauli yake mwenyewe. Shule za msingi ziko chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), barua yake ianzie kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Mengine ya uhamiaji sitayasemea.

Mimi yalinikuta ya upande wa pili. Nilipoanza kusimulia hadithi mashuleni huku Uingereza, DBS, ule ukaguzi wa rekodi za uhalifu, ilirudi safi, shule ikasema haitoshi kwa sababu haionyeshi miaka niliyoishi Tanzania. Wakataka cheti cha polisi cha nyumbani. Nikachukuliwa alama za vidole hapa, zikatumwa Dar kwa mdogo wangu, akapanga foleni. Miezi minne. Cheti kilipofika mradi ulishaisha, watoto sikuwaona hata siku moja. Huku nilitiliwa shaka kwa sababu nimetoka kwetu, na huko Binti anatiliwa shaka kwa sababu ametoka huku. Inaniuma.

Kalenga (Minneapolis)
Kamwene. Marekani nako ni yaleyale: alama za vidole, kipimo cha TB, bima, fomu ya kodi ya W-9. Ila fedha zinapatikana. Shule yenye watoto wengi wa familia maskini hupata fungu la Title I, sheria ya tangu 1965, na wapo wakuu wa shule wanaotenga kidogo humo wakamlipa msanii. Na haendi siku moja akapiga picha akaondoka. Mimi nakaa wiki kumi, na kabla ya kuingia darasani mwalimu na mimi tunaandaa somo pamoja.

Kwetu Tanzania ngoma hutolewa stoo mgeni rasmi akija au UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, ikikaribia. Watoto wanapewa mistari ya kumsifu mgeni, wanacheza juani, ngoma inarudi stoo. Kwa hiyo sishangai ofisi haikuelewa dada anafanya nini humo darasani siku ya kawaida.

Matema (Cardiff)
Nauliza kwa nia njema: kwa nini mwalimu atoke Birmingham? Kina mama wa Kikisi pale Ikombe wanafinyanga vyungu bila gurudumu, Jumamosi soko la Matema limejaa vyungu vyao. Iringa kuna wasusi wa vikapu vya nyasi za milulu. Hao hawahitaji Daraja lolote. Nauli ya ndege ya mtu mmoja ingemlipa mama mmoja muhula mzima.

Mama Mwakaleli
Kufinyanga ni kazi. Kusimama mbele ya watoto themanini na beseni moja la udongo ni kazi nyingine, nayo watu wanaisomea. Usichanganye.

Matema
Mama, kwa heshima zote, bibi yangu alifundisha wasichana wa kijiji kizima na hakusomea popote. Ukiweka masharti hayo unawafungia nje walewale ambao shule inawahitaji.

Kiwira (Toronto)
Wanangu, chanzo ni kukosekana kwa uraia pacha. Sheria ya Uraia ya 1995 ndiyo inayomfanya binti aliyezaliwa Rungwe aombe ruhusa ya kusimama kwenye darasa alilojifunzia a, e, i, o, u. Hiyo hadhi maalum ya sisi wa asili ya Tanzania tuliochukua uraia wa nje naipokea, lakini haimrudishii mtu nchi yake.

Mmenitajia mvua ya Tukuyu nimeshindwa kulala. Nimekumbuka shati la shule lililokaushiwa juu ya moshi wa jikoni kwa sababu jua halikutoka wiki nzima, na mbalaga ya mama, zile ndizi za kupika, ikitokota chini yake. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na gitaa la kujitengenezea. Jedwali la saba nalijua hadi leo kwa wimbo wake.

Mafinga
Mzee wangu, shikamoo. Dada ameuliza siku ngapi.

Binti Tukuyu
Ndaga fijo wote. Ofisini bado naambiwa nisubiri, na Alhamisi napanda ndege Songwe. Matema, nimekusikia: nimempata mzee mmoja mpigaji wa hapa mtaani, amekubali kuja kila Ijumaa, natafuta wa kumlipia bodaboda. Ngoma mbili nimemwachia mwalimu wa darasa la nne.

Leo asubuhi nilisimama nje ya uzio na mwamvuli. Wakaanza 3 na 4. Kwenye 12 wale wa tatu waliwahi kidogo. Nikamsikia mwalimu akiwarudisha mwanzo.