Mashine ndogo ya kufulia ya matangi mawili: tupeane uzoefu wa kuitumia na kuitibu ikigoma

Mwanzisha mada

Wakuu, uzi huu ni wa zile mashine za plastiki zenye matangi mawili, la kufulia na la kukamulia, kilo 5 hadi 8, unazozijaza maji kwa ndoo na kuzungusha taima kwa mkono. Zenye mlango wa mbele tuziache kwa leo. Kila anayezijua aweke kipimo, hatua, kifaa gani hufa na kwa nini. Habari za nani kanunuliwa na nani hazituhusu.

Naanza na mzigo, maana nusu ya mashine zinazopelekwa kwa fundi hazijaharibika, zimeshindiliwa tu. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni za nguo kavu, tena ni za upande wa kufulia. Iliyoandikwa kilo 7 hukamua kama 4.5 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo fuo moja ni mikamuo miwili. Jinzi ya mtu mzima ina kama gramu 700, taulo la kuogea 500, tisheti 150 hadi 200. Jinzi nne na taulo mbili tayari ni karibu kilo 4.

Kama huna mizani, tumia jicho. Washa, kisha itazame nguo moja ya juu. Inatakiwa izame upande mmoja na kuibukia upande mwingine ndani ya sekunde kumi na kitu. Ikibaki palepale inatikisika kama inaitikia salamu, punguza nguo. Kuongeza dakika hakutasaidia: ya chini itachakaa na ya juu itatoka na kola yake nyeusi vilevile.

Bi Ndoo Tatu

Nije kwenye maji na sabuni, hapo ndipo wengi tunapotupa hela.

Maji kwanza, sabuni pili, nguo mwisho. Kwa mzigo wa kilo 3 hadi 4, ndoo moja na nusu ya lita 20 inatosha. Sabuni ya unga vijiko viwili vya mezani vya kufuta, siyo vya mlima, ikorogwe kwanza kwenye kopo la maji ya vuguvugu hadi iyeyuke. Ukiimwaga kavu juu ya nguo, chembe hujificha kwenye mikunjo, na kwenye nguo nyeusi zinaacha madoa meupe ambayo watu wanadhani ni chumvi ya maji ya kisima.

Sabuni nyingi za unga tunazonunua zimetengenezwa kwa kufua kwa mkono, na mkono unapenda povu. Mashine haipendi. Povu likiwa zito nguo zinateleza juu yake badala ya kusuguana, uchafu unabaki. Povu hilohilo likihamia kwenye tangi la kukamulia linajaa kati ya tangi la ndani na ganda la nje, na mota inazunguka kwa shida. Povu likizidi, dawa yake ni kumwaga nusu ya maji na kuongeza mapya.

Mpangilio: nyeupe kwanza, kisha za rangi, halafu jinzi na nguo za kazi, zote kwa maji yaleyale ya sabuni. Vitambaa vya jikoni na vya kudekia mwisho kabisa. Kola na vikwapa vipakwe sabuni ya kipande kabla ya kuingia. Zungusha dakika 5, zima, loweka dakika 20, zungusha tena 5 hadi 8. Hiyo ya kuloweka katikati inafanya kazi kuliko dakika 15 mfululizo, na haili umeme.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawafanyi: kamua kabla ya kusuuza. Kilo 3 za nguo zikitolewa zinachuruzika zinabeba lita kadhaa za maji ya sabuni. Ukizitia hivyo kwenye maji safi, umeyachafua kabla hujaanza. Zikamue dakika moja na nusu, ndipo uzirudishe kwenye maji ya kusuuzia. Masuuzo matatu yanakuwa mawili, na kwa mwenye mgao wa maji, ndoo moja na nusu iliyookolewa ni maji ya kuoga. Maji ya suuzo la pili yahifadhi, ndiyo ya kufulia mzigo unaofuata.

Spana Namba Kumi

Bi Ndoo Tatu amemaliza upande wa kufua. Mimi nizungumzie kutoa maji na kukamua, malalamiko mengi yako huko.

Mashine hizi kwa kawaida hazina pampu. Maji yanatoka kwa kushuka yenyewe. Mpira wa kutolea maji ukipandishwa kwenye kizingiti cha bafu, ukakunjwa nyuma ya mashine, au ncha yake ikazama kwenye ndoo iliyojaa, maji yanakataa, na watu wanafungua mashine kutafuta ubovu ambao haupo. Kizingiti kikiwa kirefu, ipandishe mashine kwenye kitu kigumu na kipana kama tofali za bloku nne. Kreti za soda zinatikisika, epuka.

Mpira ukiwa umelala vizuri na maji bado yanatoka kama machozi, fungua ile sahani ya chini inayozungusha nguo. Skrubu moja katikati, bisibisi ya nyota, kisha ivute juu kwa kamba mbili zilizopitishwa pembeni kwa sababu huwa imeng'ang'ania. Chini yake utakuta sarafu, vishikizo, waya wa sidiria, na tope la nyuzi. Angalia pia mpira wa vali, kile kizibo kinachonyanyuka ukizungusha kitasa cha kutoa maji. Punje moja ya mchanga ikikaa hapo ndiyo inafanya tangi lijikaushe lenyewe ukiwa umeloweka.

Sasa kosa ambalo haliandikwi kwenye vitabu vya maelekezo vingi. Katika aina nyingi matangi yote mawili yanatumia mpira mmoja. Ukifungulia maji ya kufulia huku upande wa pili unakamua, maji yanarudi nyuma na kujaa chini ya tangi la kukamulia. Tangi linaanza kuyapiga, mwendo unashuka, mota inanguruma, baadaye harufu. Maliza kutoa maji ndipo ukamue.

Kukamua kwenyewe ni kupanga. Mota ya upande huo huzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika, imeshikana moja kwa moja na tangi, haina mkanda. Kwa mwendo huo, taulo moja lililokaa upande linageuka nyundo. Panga nguo kwa kuzungusha ukutani mwa tangi, nzito chini, shindilia kwa kiganja pande zote sawa, kisha weka kile kifuniko cha ndani cha plastiki hadi kilale. Kifuniko hicho kinazuia nguo isipande na kunaswa kati ya matangi. Ikinaswa inakata mpira wa chini wa shafti, ule mhimili unaozungusha tangi.

Dakika moja kwa mashati, mbili kwa nguo za kawaida, tatu kwa jinzi na taulo. Zaidi ya hapo unakunja nguo tu.

Usikamue koti la mvua, shuka la plastiki la mtoto, wala zulia la mpira. Maji hayapenyi, yanakusanyika upande mmoja, na mashine itaruka kweli.

Ethi Kwanza

Umeme. Upande wa kufulia ni kama wati 300 hadi 400, wa kukamulia kama 150 hadi 200. Fuo zima na masuuzo yake halifiki robo ya uniti, kwa hiyo tusiisingizie kumaliza LUKU. Pasi inaitazama na kuicheka.

Kinachotakiwa ni soketi yenye ethi (waya wa kwenda ardhini) ya kweli, siyo tundu la juu lisilo na waya. Mwili wa mashine ni plastiki, lakini mota ni chuma na maji yapo. Ekstensheni isilale sakafuni. Na usiingize mkono kwenye tangi la kukamulia hadi lisimame kabisa. Ukifungua mfuniko, breki inatakiwa ilisimamishe ndani ya sekunde chache. Likiendelea kujizungukia, waya wa breki umekazwa mno au kiatu chake, kile kipande kinachobana gurudumu, kimeisha.

Kinyume chake nacho kipo: tangi linazunguka kivivu na kunuka mpira. Hapo breki haijaachia. Ukifunga mfuniko, waya unatakiwa uvute kiatu kiachane na gurudumu lake. Mara nyingi ni kusogeza tundu moja tu kwenye kile kikono.

Mama Kanga

Kwenye nguo zetu: kanga na mitandio mirefu hujisokota kuwa kamba na kuviringana na mikono ya mashati. Zikunje mara mbili, zisizidi nne kwa fuo, na kila dakika tatu zima uzifumue. Baibui la shanga au nakshi liingie kwenye mfuko wa neti, limegeuzwa ndani nje, na lisikamuliwe zaidi ya nusu dakika. Kanga mpya ifuliwe peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu za mwanzo, na mtie chumvi.

Bi Ndoo Tatu

Mama Kanga, nakuunga mkono isipokuwa kwenye chumvi. Kinachotoka ni rangi iliyozidi, na chumvi haiishikilii. Maji baridi na kuitenga peke yake ndivyo vinavyosaidia.

Mama Kanga

Haya, chumvi nairudisha jikoni.

Spana Namba Kumi

Kapasita, kile kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka. Dalili yake ikichoka: unawasha, mota inavuma "mmmm" na haizunguki. Zima, chomoa plagi, kisha zungusha sahani kwa mkono. Ikizunguka laini, hakuna kilichonasa. Chomeka na kuwasha tena, na kama itaondoka ukiisukuma kwa kijiti cha mbao, kapasita imechoka. (Jaribio hili ni la upande wa kufulia tu. Kwenye kukamua usithubutu.)

Kubadilisha: chomoa plagi, fungua mgongo wa mashine, skrubu sita hadi nane. Kapasita ni kile kiboksi cha plastiki chenye waya mbili, au tatu kama kimoja kinahudumia mota zote. Kabla ya kugusa, unganisha miguu yake kwa kipinga umeme au bisibisi yenye mpini mzima, maana inaweza kuwa imebaki na chaji. Soma maandishi: upande wa kufulia mara nyingi ni maikrofaradi 8 hadi 12, kukamulia 4 hadi 6, volti 450. Nunua namba ileile. Kuna mafundi wanaweka kubwa zaidi "ili iwe na nguvu". Itaondoka kwa kishindo kweli, halafu koili inachemka na kuungua.

Ikivuma, mota inazunguka lakini sahani imesimama, ni mkanda. Ubonyeze katikati kwa kidole: ukiingia kama sentimita moja uko sawa. Ukizidi, legeza boliti za mota, ivute nyuma, kaza. Ukiwa unang'aa au una nyufa, badilisha kwa namba iliyochapwa mgongoni mwake. Ikisagika kwa juu tu bila kuzunguka, meno ya katikati ya sahani yameisha. Ni plastiki, bei ndogo.

Sahani ikizunguka upande mmoja tu bila kugeuka, ni taima.

Jirani wa Panya

Nyongeza ya haraka: chini ya mashine nyingi ni wazi. Panya wanaingia, wanalala kwenye mota yenye joto na kutafuna waya. Kata wavu wa chuma wa matundu madogo, funga chini kwa skrubu fupi. Usizibe kwa plastiki, mota inahitaji hewa.

Mzigo wa Ughaibuni

Mnaoletewa mashine kutoka nje, someni kibati nyuma. Za Oman na Dubai ni hezi 50 (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) kama zetu, hazina tatizo. Za Saudia ni hezi 60, na plagi inaingia bila kukuonya. Kwenye hezi 50 mota huzunguka polepole kwa karibu moja ya sita na inapata joto zaidi. Za Marekani ni volti 120, ukichomeka moja kwa moja umeiaga. Pia inveta (vigeuza umeme wa betri) za bei nafuu zinazotoa wimbi la pembe badala ya wimbi laini zinachemsha mota hizi.

Ethi Kwanza

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu maji yanayodondoka chini upande wa kukamulia. Hilo usilivumilie. Ni mpira wa shafti umepasuka, na matone yanaangukia mota iliyo chini yake. Ukiona michirizi ya kutu kwenye mota, tayari yana muda. Unafungua kiungio kati ya shafti na mota, unavuta tangi juu, unabadilisha mpira na bushi yake pamoja, na kupaka grisi kidogo kwenye mdomo wa ndani. Ukisubiri, utanunua mota.

Bi Ndoo Tatu

Harufu ya uvundo: mara moja kwa mwezi jaza ndoo mbili, tia nusu kikombe cha jiki, zungusha dakika 5, acha nusu saa, mwaga, suuza. Gamba jeupe la maji magumu linataka siki au unga wa ndimu, ila siku nyingine kabisa. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu. Baada ya kufua, mifuniko ibaki wazi. Na maji ya moto yasizidi yale ambayo mkono unavumilia, yanayochemka yanakunja tangi.

Mgeni wa Jukwaa

Wakuu, yangu imezimika katikati ya mzigo wa tatu. Haivumi, haifanyi lolote. Taima inajizungukia kama kawaida. Soketi ina umeme.

Spana Namba Kumi

Taima ni ya springi, inazunguka hata umeme usipofika kwenye mota. Mizigo mitatu mfululizo, mota imepata joto na kinga yake ya ndani imekata. Chomoa, isogeze kutoka ukutani ipate hewa, subiri nusu saa. Ikiamka, pumzisha dakika 10 kati ya mzigo na mzigo, na upunguze nguo. Isipoamka ikiwa imepoa kabisa, pima fyuzi ya plagi kwanza, kisha waya za chini. Jirani wa Panya kashakwambia kwa nini.