Dawa zilezile za TB: mimi mzima, dogo miguu inawaka moto. Kwa nini?

Mpasua Mbao (Mafinga):
Kamwene wakuu. Mimi na mdogo wangu tulikutwa na TB, tukaanzishiwa dawa kliniki moja, wiki moja, vile vidonge vyenye dawa nne ndani. Uzito wetu haupishani sana. Mimi ukiacha mkojo kuwa mwekundu, sijaona shida yoyote. Dogo kikohozi kimekata, anakula vizuri, lakini vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi, vya miguu yote miwili. Ganzi imepanda hadi nyayo. Usiku zinawaka hadi anatoa miguu nje ya blanketi, na baridi ya huku mwezi wa saba mnaijua.

Shangazi kasema dogo kategewa kitu njiani, anataka tumpeleke kwa mtaalamu wa jadi. Dogo mwenyewe anataka kuacha dawa kwa kuwa eti kashapona. Swali langu: dawa ileile, baba mmoja mama mmoja, imdhuruje yeye peke yake?

Soweto Boy (Mbeya):
Kapewa dawa feki huyo mkuu. Siku hizi kila kitu feki.

Nesi Mstaafu (Makambako):
Wewe wa Soweto, ingekuwa feki kikohozi kisingekata. Na kaka mtu anameza za kliniki hiyohiyo.

Mwanangu wa Mafinga, pole. Nimegawa dawa za TB hadi nastaafu, na hiyo miguu ya kutolewa nje ya blanketi nimesimuliwa na wagonjwa wengi. Kwenye kile kidonge kuna dawa iitwayo isoniazidi. Ndiyo naishuku, si kitu cha njiani.

Isoniazidi ikishafanya kazi, ini ndilo huivunja ili itoke. Kinachoivunja ni kimeng'enya fulani, na maelekezo ya kukitengeneza yako kwenye jeni iitwayo NAT2. Kuna watu wa haraka na watu wa polepole. Wewe ni mtu wa mbao: peleka magogo sawa kwenye mashine mbili, moja msumeno mkali, nyingine butu. Jioni kwenye ile butu utakuta magogo yamerundikana uwanjani. Mwilini kinachorundikana ni dawa, nayo inaifukuza vitamini B6, ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji. Mishipa mirefu ndiyo huumia mapema, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni.

Hili si jambo jipya. Isoniazidi ilianza kutibu TB mwaka 1952, na mwaka 1960 watafiti Marekani, David Price Evans na wenzake, walionyesha kwa kupima familia nzima nzima kwamba uharaka huo unarithiwa. Kwa Wajapani, wa polepole ni kama mmoja kwa kumi. Kwa Waafrika wengi na kwa Wazungu ni karibu nusu au zaidi. Kwa hiyo dogo wala si kituko.

Na hilo la baba mmoja mama mmoja: kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Wa polepole ni yule aliyepata mbili za polepole. Wazazi wenu wanaweza kuwa na moja moja ya kila aina, wewe ukapata ya haraka, dogo akaangukia zote mbili za polepole. Kupima jeni kwenye kliniki zetu za wilaya usitegemee, na hapa si lazima, dalili zinatosha kuanzia.

Asiache dawa! Akikatisha katikati, TB inaweza kurudi ikiwa sugu, hapo ndipo mtakapolia. Mpeleke kliniki waliyomwanzishia, aseme kila kitu bila kuona aibu, waangalie kama anahitaji piridoksini, yaani hiyo B6. Ni kidonge kidogo tu. Wajawazito, wenye kisukari, wenye VVU na walevi hupewa mapema ili kukinga. Wapime na sukari na VVU, maana vyote viwili navyo huleta ganzi. Halafu nijibu: dogo anakunywa pombe?

Dada wa Njombe:
Naongezea. Mimi natumia ARV tangu enzi za efavirenzi, dawa ya VVU tuliyokuwa tukipewa zamani. Jirani yangu alimeza akalala, asubuhi shambani kwenye viazi. Mimi ndoto za ajabu usiku kucha, asubuhi natembea nikishika ukuta kama mlevi. Watu walisema nina mawazo. Daktari mmoja ndiye alinieleza kuna jeni ya ini, CYP2B6, na Waafrika wengi tuna aina inayochelewesha ile dawa kutoka. Tulipohamishiwa dawa nyingine, dolutegraviri, nikalala. Sema tu kliniki, jamani, hawawezi kuona ndoto zako.

Mpasua Mbao (Mafinga):
Shikamoo mama. Nimemsomea shangazi, kanuna ila kakubali kliniki kwanza. Pombe: msimu wa ulanzi umepita, lakini komoni anakunywa, tena si kidogo.

Nesi Mstaafu (Makambako):
Marahaba mwanangu. Basi hapo kuna mambo mawili juu ya mgongo mmoja. Pombe nayo inapunguza B6 na inaumiza ini lilelile linalohangaika na dawa. Komoni aiweke pembeni hadi amalize dozi, na kliniki aseme ukweli kuhusu kiasi anachokunywa, hata kama wewe umesimama pale. Asijinunulie B6 dukani na kujipangia, kipimo cha kukinga na cha kutibu si kimoja. Nendeni kesho, msisubiri tarehe ya kuchukua dawa. Akitapika mfululizo au macho yakiwa ya njano, hiyo si ganzi tena, ni ini: aende saa hiyohiyo, hata usiku, na akifika aseme kabla ya kumeza kidonge kingine.