Canter 4D33 inavuja oili nyuma ya injini: ni sili ya krenki kweli?

Mzigo_Ligula
Wakuu, habari za leo. Canter ya zamani, injini 4D33, inapiga korosho Masasi–Mtwara. Oili inadondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Ikilala, asubuhi kuna doa la ukubwa wa sahani. Kwenda na kurudi, kama kilomita 400, inapoteza karibu lita 1. Moshi hakuna, maji ya rejeta hayapungui. Fundi anasema ni sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale mhimili wa injini unapotokea nyuma, tushushe gia boksi. Msimu ndio huu. Nimwache afungue?

FundiMingoyo
Usifungue kwanza, mkuu. Oili inashuka, na gari likitembea upepo unaipeleka nyuma. Kinachovuja juu au mbele huishia kuchuruzika hapohapo kwenye hauzingi ya flaiwili, lile gamba kati ya injini na gia boksi, halafu sili ya nyuma inasingiziwa.

Osha injini ikiwa vuguvugu, si ya moto: dizeli na brashi, kisha sabuni ya unga na maji. Altaneta, stata na mdomo wa hewa vifunge nailoni. Ikikauka, washa dakika 15 bila kukanyaga mafuta, umulike tochi kuanzia juu kushuka chini. Usipoona kitu, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio, nenda Mikindani urudi, kisha mulika tena. Kwenye poda oili huchora mstari. Ufuate kupanda mpaka unapoanzia.

Anza na kona ya nyuma ya roka kava, mfuniko wa juu wa injini. Gasketi yake ya mpira ikizeeka huwa ngumu, ukibonyeza kwa ukucha hairudi. Wengi hapo huongeza kukaza, kava inapinda na oili inazidi. Weka mpya, pakaushe kabisa panapokaa, kaza kwa spana fupi kidogo kidogo ukianzia katikati.

Halafu pampu ya vakyumu, ile ya kusaidia breki, mgongoni mwa altaneta. Ina mpira mwembamba wa kuingiza oili na mnene wa kuirudisha. Huo mnene hupasuka kwenye klipu, na oili inateremka ubavuni mwa bloku kimya kimya. Ikiingia ndani ya altaneta, nayo imekufa. Usisahau swichi ya presha ya oili: ikiloa pale waya unapochomekwa, hiyo ni ya kubadilisha tu.

Dereva_Ndanda
Mimi naongeza moja: nusa. Chovya kidole kwenye hilo tone. Oili ya gia ni nzito na inanuka salfa. Ya injini ya dizeli ni nyeusi tii. Ikiwa ya gia, kosa liko kwenye sili ya shafti ya mbele ya gia boksi, injini haihusiki. Usiiache, maana ikifika kwenye sahani ya klachi, mlima wa Newala na mzigo hupandi. Injini italia gari limesimama.

Spana17
Pumzi mmeisahau. Vumbi na oili huganda ndani ya paipu ya kupumulia, presha inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye kila sili dhaifu. Ukibadilisha sili na paipu imeziba, baada ya wiki chache mko palepale. Injini ikiunguruma, fungua mfuniko wa kujazia oili, ulaze kinyume juu ya tundu lake. Ukitetemeka tu ni kawaida. Ukirushwa, safisha paipu, pima tena. Ukiendelea kurushwa basi ringi za pistoni zimechoka, na hapo sili si dawa.

Mzigo_Ligula
Asanteni. Harufu si ya gia. Kona ya nyuma ya roka kava imelowa, paipu ya pumzi ilikuwa imejaa tope. Mfuniko ulikuwa unaruka, baada ya kusafisha unatetemeka tu. Ila karta, bakuli la oili chini ya injini, nayo ina unyevu pembeni. Nipake silikoni kwa nje?

FundiMingoyo
Kwa nje haishiki, oili inaisukuma ikitoka. Badilisha gasketi ya roka kava, osha tena, tembea siku mbili ndipo uihukumu karta. Ikiwa bado inaloa, mwaga oili, shusha karta, kwangua gundi ya zamani yote. Ukingo wake huwa umevutwa juu kuzunguka matundu ya bolti. Unyooshe kwa nyundo juu ya kipande cha mbao. Kagua na kutu chini, chumvi ya bahari hapa Mtwara hutoboa bati. Silikoni ni mstari mwembamba, milimita 3 hivi, upite upande wa ndani wa matundu. Ukijaza mno inaminyika ndani, inakatika vipande na kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo injini inakwenda na maji. Iache ilale usiku mzima kabla ya kujaza oili.

Gia boksi ishushwe kwa sababu moja tu: juu kote pakavu, na oili ya injini bado inatoka kwenye kitundu cha chini ya hauzingi. Hapo pitisha ukucha kwenye krenki pale sili ilipokuwa inasugua. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya isikae palepale; isogeze milimita 2 au ivalishe krenki bushi nyembamba. Na klachi iangaliwe siku hiyohiyo, usije ukalipa kushusha mara mbili.