Likizo ya Agosti na watoto watatu: Sipi au Fort Portal? Naombeni ushauri

mama_tatu_kireka

Habari zenu jamani. Sisi tuko Kireka, pembeni mwa Kampala, watoto watatu, mkubwa ana miaka 12, wa kati 8 na huyu wa mwisho 4, halafu mama mkwe naye amesema safari hii haachwi, kwa hiyo tutakuwa sita kwenye Noah. Shule zikifunga muhula wa pili tunataka siku tano tuwapeleke watoto milimani, maana mlima wanaujua wa kwenye kitabu cha SST (maarifa ya jamii) tu, ukiwauliza Elgon iko wapi wanakutajia jina la wilaya lakini hawajawahi kusimama chini yake wakainua shingo.

Sasa baba yao anataka Sipi, kwenye maporomoko ya mlima Elgon, mimi roho yangu iko Fort Portal, chini ya milima ya Rwenzori, na kuna rafiki yetu anasema kwa nini msifanye zote mbili, siku mbili Sipi halafu mkate moja kwa moja mpaka Rwenzori. Mtoto wa mwisho anatapika hata tukienda Mukono. Mama mkwe magoti yanamsumbua. Na mwaka jana tulienda Masaka tukatoka nyumbani saa tano asubuhi, jua kali, foleni, watoto wakalia njia nzima, tukarudi usiku malori yanatuwashia taa usoni, nikalala naumwa kichwa. Sitaki kurudia ile kitu. Wenye watoto wadogo ambao wameshafanya hizi safari nielezeni mlivyofanya, tafadhali msinitumie tu picha za maporomoko.

baba_mapacha

Dada, kwanza hiyo ya zote mbili itoe kichwani leo leo. Sipi iko mashariki kabisa na Fort Portal iko magharibi kabisa, Kampala ndio katikati, yaani mtatoka mlimani mrudi mpaka mlangoni kwenu Kireka halafu muanze safari nyingine ya kilomita 300. Siku tano zote zitaishia kwenye viti vya gari. Chagueni mlima mmoja, ule mwingine uwe wa Desemba au mwakani.

Kwa nyinyi mnaokaa Kireka mimi ningesema Sipi, kwa sababu moja tu, mko tayari upande wa barabara ya Jinja. Sisi tulienda na mapacha wakiwa na miaka 5. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, watoto tuliwabeba wakiwa bado na nguo za kulalia tukawafunga mikanda wakaendelea kulala, na mpaka jua linatoka tulikuwa tumeshapita Mukono ambako ndiko foleni inakuwaga, tumeingia Mabira. Waamsheni hapo Mabira waone msitu umefunga barabara pande zote mbili. Chai tulinywa Jinja. Daraja jipya la Nile (lilifunguliwa 2018) watoto walilipenda kuliko kitu chochote siku ile, zile nyaya zake, ila msisimame juu ya daraja kupiga picha, piteni polepole tu na vioo wazi.

Baada ya Iganga shikeni kushoto pale Nakalama mpite njia ya Tirinyi, msiende kuzungukia Tororo. Hapo ni tambarare, mabwawa na mashamba ya mpunga, mnavuka mto Mpologoma, na wangu walivyoambiwa jina maana yake simba wakakaa dirishani wanatafuta simba mpaka Mbale. Kampala mpaka Mbale ni kama kilomita 240, na HAPO NDIPO MLALE. Usije ukasema imebaki kidogo tu tumalizie. Ile kidogo iliyobaki ndio ya kupanda, ndio ina kona, na mtoto aliyechoka ndiye anayetapika. Lala Mbale, asubuhi watoto wameamka wana nguvu, mnapanda taratibu, saa tatu mko Sipi.

Kuku na gonja (ndizi za kuchoma) za Namawojjolo, lile soko la kando ya barabara, ziacheni za kurudi. Kumpa mtoto wa kutapika kuku wa mafuta asubuhi mapema ni kujitafutia kazi.

mtooro_wa_mjini

Mimi nitasimama na mama watoto. Foleni ya Kampala sio sababu, kutoka Kireka si unapanda Northern Bypass pale Namboole unatokea Busega, unashika barabara ya Mityana, Mubende, Kyenjojo, lami yote. Ukitoka alfajiri mchana uko Fort Portal. Na kuanzia Kyenjojo mashamba ya chai yanaanza, mwinuko unapanda bila wewe kujua, hamna zile kona za kumtoa mtoto matumbo.

Cha muhimu uelewe kwamba Rwenzori yenyewe hampandi na watoto. Kilele chake, Margherita, ni mita 5,109, ni theluji na barafu, ni kazi ya siku nyingi na watu waliojiandaa. Nyinyi mtaiangalia kwa mbali, tena asubuhi mapema kabla mawingu hayajaifunika, na kuna siku hautaiona kabisa, watoto waambieni kabla wasije wakalia. Lakini chini yake kuna vitu vya watoto kibao. Maziwa yale yaliyojaa kwenye mashimo ya volkano ya zamani. Mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru, mawe yanadondosha maji meupe kama maziwa, na ile hadithi ya binti wa mfalme Bukuku ambaye baba yake aliamuru akatwe matiti, mtoto wake Ndahura akanyonya hayo matone ya jiwe. Mwambieni jajja (bibi yao) awasimulie palepale pangoni, watoto hawatasahau maisha yao. Kinamasi cha Bigodi, ukishapita msitu wa Kibale, ni kutembea tambarare na nyani na tumbili wako juu ya kichwa chako. Na kule Sempaya chemchemi za moto, unatumbukiza mayai kwenye maji ya ardhini yanaiva unakula. Niambie mtoto gani wa miaka 8 atakataa hiyo.

Kwa mtoto wa miaka 4 na magoti ya mama mkwe, mimi naona Fort Portal ni rahisi zaidi. Nasema kwa roho safi, sio kwa sababu ni kwetu.

fundi_wa_noah

Mimi sina upande ila niongelee gari maana naona watu wanaongelea chai na kuku tu. Noah yenye watu sita na mizigo na mlima ni gari tofauti na ile mnayoendea sokoni.

Wiki moja kabla, sio siku moja kabla, peleka gari liangaliwe pedi za breki na mafuta ya breki, maji ya redieta na zile hozi zake, mikanda, taya (matairi) zote. Spea taya lishushe uliangalie kwa macho na ulijaze upepo, watu wengi wanagundua halina upepo wakiwa porini. Upepo wa taya fuata ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva.

Kupanda sio tatizo, kushuka ndio tatizo. Mkitoka Sipi kurudi chini msikanyage breki mwanzo mpaka mwisho wa mteremko, zitapata moto halafu zitagoma. Toa gia ya D weka 2, penye mteremko mkali weka L, injini yenyewe ishike gari, breki unagusa unaachia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa wazi, acha zipoe zenyewe, usimwage maji juu ya chuma cha moto. Injini nayo ikipanda joto usifungue redieta hapohapo, nimeona watu wameungua uso.

Na usiku msitembee. Njia ya Jinja ina malori ya kwenda na kutoka mpakani, na eneo la Kakira kuna trekta za miwa zenye matrela marefu ambazo taa za nyuma unaweza usizione kabisa. Saa kumi na mbili jioni muwe mmeshaegesha.

nesi_esta

Mama tatu pole na hiyo ya Masaka. Mimi ni nesi, na pia ni mama. Huyo wa miaka 4 msimpe maziwa asubuhi ya safari, mpeni kitu kikavu, mkate au ndizi moja, maji kidogo kidogo. Mkalisheni anapoweza kuona barabara mbele, simu na katuni msimpe kwenye kona, kuangalia chini ndiko kunamchafua tumbo. Kaveera (mifuko ya plastiki) nzito mbili mbili na taulo ndogo ziwe mbele sio kwenye buti. Dawa ya kutapika safarini ipo lakini ulizeni duka la dawa kipimo cha umri na uzito wake, usivunje kidonge cha mtu mzima ukakadiria.

Malaria: watu wanafikiri wanaenda kwenye baridi basi wanaacha neti nyumbani. Mbale mtakapolala ni chini, mbu wapo. Bebeni neti, na mtoto akipata homa hata wiki mbili baada ya kurudi apimwe, usiseme ni uchovu wa safari. Jinja pale msiwaache watoto waingie ziwani au mtoni kucheza, kuna kichocho. Usiku huko juu baridi inauma kweli kweli, sweta, soksi na kofia ya mtoto.

mtu_wa_kapchorwa

Karibuni kwetu. Niseme ukweli hata kama itawapunguzia hamu kidogo. Agosti kwetu ni mvua. Huku Elgon haifuati kalenda ya Kampala, kiangazi chetu kizuri ni Desemba mpaka Februari. Agosti asubuhi inakuwa safi, unaona mpaka tambarare za Karamoja kule chini, halafu mchana mawingu yanapanda na jioni inanyesha. Kwa hiyo kila kitu fanyeni asubuhi, saa nane mchana muwe karibu na nyumba.

Barabara kubwa ya lami kutoka Mbale kupitia Muyembe mpaka huku ni nzuri. Ila msikate kuingia njia za udongo za mitelemkoni wakati wa mvua hata mtu akiwaambia kuna mahali pazuri. Mlima huu umezika watu wetu, Bududa 2010 na tena 2018, Bulambuli Novemba 2024. Siwatishi, mvua ikiwa kubwa usiku kucha tulieni mlipolala, muulize wenyeji kabla ya kuwasha gari.

Maporomoko ni matatu. Lile kubwa la chini ni karibu mita 100, na njia ya kushuka mpaka chini yake ni kali, kuna ngazi za mbao na tope, huyo wa miaka 12 ataiweza akiwa na mtu wa kumuongoza, wa miaka 4 hapana. Nendeni naye lile la juu, njia yake ni ya kupita mashambani kati ya kahawa na migomba. Chukueni kijana wa hapa awaongoze, mkubaliane bei kabla. Na muombe wawaonyeshe kahawa: watoto wanachuma (ikiwepo mbivu), wanatwanga kwenye kinu, wanakaanga juu ya moto wa kuni, mwisho nyinyi wakubwa mnaikunywa. Wangu wa mjini wakija wanashinda kwenye kinu.

Kitu kingine, waamsheni saa kumi na mbili asubuhi msimame kando ya barabara. Mtaona vijana wanakimbia mazoezi. Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012 ni wa huku, Joshua Cheptegei ni wa huku. Mtoto akiona ile barabara ndio waliyoanzia, anaelewa kitu ambacho televisheni haimpi. Na Kiswahili huku kinaelewana, watoto wenu wataongea na watu bila tafsiri.

Mwisho, kama ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu (ile miaka ya shufwa, 2024, 2026), Agosti Mbale na vijiji vyake ngoma za kadodi ziko barabarani, umati mkubwa. Endesheni pole, na mahali pa kulala pabukini mapema.

mama_tatu_kireka

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na baba yao nimemsomea kwa sauti. Ile ya zote mbili imekufa. Tumekubaliana Sipi Agosti hii, siku ya kwanza tunalala Mbale, siku mbili Sipi, tunarudi tunalala Jinja ili tusiendeshe usiku, na Fort Portal ni ya Januari. Mtooro usinichukie, mayai ya Sempaya mtoto wa kati ameshaandika kwenye daftari lake. Gari linaenda kwa fundi Jumamosi.

Swali moja limebaki kwa mtu wa Kapchorwa. Mama mkwe amesikia ngazi na tope, sasa anasema basi atabaki kwenye gari. Sipendi aje mpaka huko halafu asione kitu.

mtu_wa_kapchorwa

Hapana, mama asibaki kwenye gari! Upande wa pili wa bonde kuna kingo ambazo lile poromoko kubwa unaliona lote, kutoka juu mpaka linapogonga chini, na sehemu nyingi za kulala zimejengwa hapo hapo. Mkitafuta chumba ulizeni kabisa kama poromoko linaonekana ukiwa umekaa uwanjani. Mtamwekea kiti, blanketi kwenye magoti, kahawa mkononi, na mkubwa wenu mvalisheni nguo nyekundu au ya njano, akifika kule chini bibi atamuona kutoka juu atampungia mkono.